Kioo Nilichomshikia Nyemo

Nilifika Makole, mjini Dodoma, siku ya arobaini ya Bi Nuru. Maziko yalinipita, kwa sababu habari zilinikuta Tunduma, na kabla ya Tunduma nilikuwa Kahama, na kabla ya Kahama siwezi kukumbuka vizuri bila kuhesabu vyumba nilivyopanga. Nina miaka arobaini na sita na sijawahi kukaa mji mmoja nikamwona mtoto wa jirani akianza shule na kuimaliza. Watu hudhani ni biashara ya vitenge inayonizungusha, nami huwaacha wadhani hivyo. Siku ile nilikaa mkekani na wanawake wa mtaa, tukala pilau kwenye sinia, watano watano, na bibi mmoja kando yangu akanisukumia mnofu akisema, "Kula wewe uliyetoka mbali. Sisi tulishalia tukamaliza." Baada ya dua, Salma, binti wa Bi Nuru, aliniita chumbani kwa mama yake. Kitanda kilikuwa kimeshaondolewa godoro. Akavuta kutoka chini ya kabati kauntabuku lenye jalada jeusi, kona zake zimeliwa na panya, akasema, "Mama aliniagiza nikupe hili. Alisema mwandiko ni wako." Nililijua kabla sijaligusa. Lilikuwa daftari la mchujo, na nilijua pia ukurasa gani ungefunguka wenyewe.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyekihitaji. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Madukani sabuni zilikuwa za kila rangi, na watu waliosimama foleni utoto wetu mzima kwa ajili ya kipande kimoja sasa walisimama mbele ya rafu wasijue wachukue ipi. Lakini kila redio ilipowashwa tulisikia shirika jingine la umma limeuzwa. Letu lilikuwa la kununua karanga na alizeti. Jina lake sitalitaja, maana lenyewe halipo tena. Kama mashirika mengine ya siku zile, lilikuwa na timu ya netiboli, na msichana aliyeingia timu aliajiriwa: asubuhi anapima magunia au anapanga mafaili, jioni anacheza. Bi Nuru alikuwa mkuu wa masijala na mwalimu wa timu. Alikuwa mwanamke wa mjini wa zamani, babu zake walikuja na misafara ya biashara wakabaki, na alivaa raba nyeupe chini ya buibui. Mimi nilikuwa mfungaji wa akiba, kibarua, jina langu halipo kwenye orodha ya ajira. Alinipa chumba cha uani kwake, akanipa na kauntabuku, nikawa karani wake kila alipokwenda kutafuta wachezaji wapya.

Nyumba ile haikuwa na dari, kwa hiyo lililosemwa sebuleni lilifika jikoni. Jumapili moja meneja alikuja kunywa chai. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nikikwangua ukoko wa wali kwenye sufuria. Nikamsikia akisema, "Nuru, orodha inafungwa mwisho wa mwaka. Mnunuzi akija atawachukua waliomo. Asiyekuwemo, basi tena." Bi Nuru akauliza wachezaji wangapi wataingia. "Walinzi wawili. Mfungaji mmoja." "Ninaye Zuhura." Nikaacha kukwangua. Meneja akacheka. "Zuhura ni mzuri, au umemzoea?" Kikombe kiliwekwa kwenye kisahani, kikachukuliwa tena, kikawekwa tena. Kisha Bi Nuru akasema kwa sauti yake ya uwanjani, "Akiwepo bora kuliko Zuhura, nitamleta. Sijawahi kumweka mtu uwanjani kwa kumwonea huruma." Hakusema kwa ubaya. Hata leo naona ni jibu la haki kabisa. Lakini tangu Jumapili ile nilianza kulibeba lile daftari kama mtu aliyebebeshwa kesi yake mwenyewe.

Tulizunguka kwa pikapu ya Shirika miezi miwili, baada ya mavuno, wakati wasichana wana nafasi. Tulifika hadi Chemba, ambako tulipata mlinzi mmoja tu, Anjelina, msichana mwenye mabega kama ya mpagazi na mdomo usiolala. Bi Nuru alikuwa na namna yake ya kupima watu, sijaiona kwingine. Kwanza aliwapaka chaki vidoleni na kuwasimamisha ukutani mwa darasa, wanyooshe mkono, halafu waruke. Mimi nilipima alama mbili na kuandika. Baada ya hapo mpira aliuweka kando. Aliomba kinu na michi mitatu, uwele ukamwagwa, na wasichana watatu wakatwanga pamoja kinu kimoja. Alikaa kwenye kigoda akitazama mikono. "Anayegonga mchi wa mwenzake hafai," aliniambia. "Na anayemsubiri sana mwenzake hafai vilevile. Mpira nitamfundisha. Hiki siwezi kumfundisha." Akina mama wa kijiji walikuwa wakijazana, wakicheka, wakisema huyu mama amekuja kututwangia bure, naye hajui kama tungelipa.

Msichana aliyeitwa Nyemo tulimpata kijiji kilicho ndani kidogo kutoka Buigiri, upande wa kulia ukitokea mjini. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni, mrefu, mweusi wa kung'aa, kanga ameifunga kifuani juu ya gauni la shule lililombana. Aliposhika mchi alifumba macho. Wenzake wawili walianza kumwongezea kasi kwa makusudi, mmoja akimwambia kwa Kigogo maneno yaliyowachekesha watu wote, naye akafuata kasi yao macho yamefumbwa, mchi wake ukiingia katikati ya michi yao bila kugusa. Bi Nuru alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama kabla kutwanga hakujaisha. Halafu wakaenda kwenye mlingoti wa shule, uliopigiliwa pete ya ndoo kubwa, ndogo kuliko pete yetu, na Nyemo akatumbukiza mipira tisa kati ya kumi. "Mungu mkubwa," Bi Nuru alisema taratibu. "Anaona kwa mikono." Niliandika kila kitu kama nilivyoambiwa. Mimi kati ya kumi nilikuwa nafunga sita, saba nikiwa nimelala vizuri.

Kambi ya mchujo ilikuwa ya wiki mbili, ndani ya ghala tupu la Shirika karibu na reli. Wasichana kumi na wawili walilala kwenye mikeka, na harufu ya karanga za miaka iliyopita ilikuwa bado imekaa ukutani pamoja na harufu ya dawa ya wadudu. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, siku nyingine maharage. Anjelina alikuwa akichovya tonge na kuuvuta mlenda juu hadi uzi ukakatika, akisema, "Hii ndiyo nyavu ya goli letu." Kutoka nje ya uzio kulikatazwa, isipokuwa kwangu, niliyetumwa sokoni. Asubuhi ya kwanza nilimkuta Nyemo nyuma ya ghala, amekaa juani, ameshika kioo kidogo cha mfukoni kwa magoti. Aliponiona alishtuka, kisha akanyoosha kile kioo. "Dada, nishikie. Peke yangu nashindwa jicho la kushoto."

Nilimshikia. Shingoni alikuwa na uzi, na kwenye uzi kifuko cha ngozi ya mbuzi, na kutoka kwenye kifuko alitoa kibano kidogo cha chuma kilichofuliwa na mhunzi wa kijijini kwao. Ndipo nikaona macho yake kwa karibu. Kope zilikuwa zimegeukia ndani, zinakwaruza jicho lenyewe kila anapopepesa. Vikope, ule ugonjwa wa macho, vilikuwa vimewaharibu hivyo watu wengi wa vijiji vile. Mama wa nyumba ya jirani yetu Makole naye alikuwa na kibano kama kile. Nyemo alikuwa aking'oa kope mojamoja bila hata kukunja uso, na kila moja akiibandika mgongoni mwa mkono wangu ulioshika kioo, ili ajue amefikia ngapi. Zilikuwa kumi na moja. "Mkono wako umetulia," aliniambia. "Mama yangu akinishikia anatetemeka, anaona kama ananiumiza yeye." Akasema zikishang'olewa anaona vizuri siku nane, siku tisa, mpaka zichomoze tena. "Usimwambie mama Nuru. Atasema mgonjwa." Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo mweupe, nataka niamini hivyo. Ilikuwa saa moja asubuhi na nilikuwa bado sijafanya lolote.

Kesho yake Bi Nuru alipitisha ungo. Hiyo pia ilikuwa desturi yake. Timu nyingi za wakati ule zilikwenda kwa waganga kabla ya mechi, wachezaji wakaingia uwanjani na hirizi kiunoni na shingoni, na yeye alilichukia jambo hilo kuliko kushindwa. Aliwapanga mstari, ungo mkononi. "Kwangu hakuna hirizi. Aliyenayo aiweke hapa, sitamuuliza nani kampa." Ziliwekwa tatu au nne, Anjelina akitoa yake kwenye sidiria na kusema, "Nenda salama, babu," wote wakacheka. Bi Nuru alipofika kwa Nyemo, aliona uzi na kifuko cha ngozi. "Na hiyo." "Mama, hii siyo ya uganga." "Ni ya nini?" Nyemo akakifunika kwa kiganja. Angeweza kufungua kile kifuko, na kingeonekana kibano, na baada ya kibano yangeulizwa macho. Akanitazama mimi. Bi Nuru naye akafuata yale macho, akanigeukia. "Zuhura, wewe unakijua hiki kitu?"

Nimejibu maswali mengi maishani mwangu, kwa maofisa wa mipaka, kwa wenye nyumba, kwa wanaume. Hakuna lililokuwa jepesi kama lile. Kulikuwa na majibu mawili ya kweli ambayo yangemsaidia. Ningesema ni kibano, arudishiwe na apelekwe hospitali, ingawa angekosa timu. Au ningemwita Bi Nuru pembeni nikamweleza, naye angejua la kufanya. Nikasema, "Hapana, Bi Nuru, sikijui." Nilijiambia natunza ahadi. Nyemo akavua uzi, akaulaza kwenye ungo polepole kama mtu anayelaza mtoto. Bi Nuru akaenda hadi chooni, sote tukimfuata kwa macho, akamimina vyote shimoni. "Sasa chezeni kwa mikono yenu," alisema, akipiga ungo kwa kiganja.

Mpaka leo, nikiamua kujihurumia, jibu lile ningeweza kulitetea: nilikuwa mdogo, nilishtukizwa mbele ya watu. Lakini siku ya nane Nyemo alinijia nikichota maji. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuwa jekundu. "Zimeanza kuchomoza. Ni fupi, kucha hazizishiki. Dada, ukienda sokoni, kwa mafundi vyuma, wanavyo. Niletee hata kibaya." Nikaenda sokoni Majengo na kikapu. Nilinunua nyanya, vitunguu na chumvi. Kwa mafundi vyuma, baina ya majiko na mapanga, vibano vilikuwa vimetandikwa kwenye gunia, kama saba hivi. Nilichutama nikashika kimoja, nikakifinya na kukiachia, fundi akasema, "Hicho kinang'oa hata msumari, dada yangu." Nikakirudisha. Jioni nilimwambia Nyemo sikupata. "Basi," alisema. Siku ya kumi akaniuliza tena, nikasema tena hivyohivyo, na safari ile sikuwa hata nimepita upande wa mafundi.

Mchezo wa mwisho ulikuwa Jumamosi mchana, meneja ameletewa kiti, na upepo wa Dodoma wa miezi ile ukivuta vumbi jekundu kutoka upande wa reli. Mimi na Nyemo tuliwekwa timu mbili tofauti, kila mmoja anafunga pete yake. Mfungaji wa netiboli hulazimika kuinua uso, kutazama juu, kutulia. Nyemo kila alipoinua uso machozi yalimwagika, si ya kulia. Alidaka kila mpira, hata wa nyuma ya mgongo, lakini akitazama pete anafumba, na mpira unapita kando. Anjelina, aliyekuwa akimlinda, alianza kwa kumtania, "Leo pete imehama?" kisha nikamwona anarudi nyuma hatua moja zaidi ya sheria inavyotaka, kumwachia nafasi. Haikusaidia. Alifunga moja. Mimi nilifunga nane, na kila moja ilipoingia nilimsikia Bi Nuru akisema "Sawa" kwa sauti ile ile moja.

Kwa Bi Nuru, karani ndiye aliyetakiwa kusema kwanza. Tulikaa kwenye ngazi ya ghala, wasichana wakioga. "Yule mtoto amepatwa na nini?" aliniuliza. "Umelala nao, umekula nao. Umeona nini?" Aliuliza akitaka kuambiwa. Nikasema, "Shabaha yake ni ya siku isiyo na upepo, Bi Nuru." Alinitazama muda mrefu. "Haya. Andika." Nikaandika, na huo ndio ukurasa uliofunguka wenyewe chumbani kwake miaka yote hii baadaye: *Nyemo. Mikono mirefu, anadaka vizuri sana. Kwenye upepo hana shabaha. Hafai.* Neno la mwisho nililipigia mstari kwa rula. Kesho yake Nyemo aliondoka na mizigo yake kwenye mfuko wa rambo, akanipungia mkono, akiwa amegeuza uso upande ambao mwanga haukumpiga.

Niliingia kwenye orodha. Nilicheza msimu mmoja na nusu ya mwingine. Mnunuzi alikuja, akabadilisha makufuli, akang'oa milingoti ya goli ili malori yageuzie pale, na wote waliokuwemo kwenye orodha tukapewa barua zinazofanana na za wasiokuwemo. Nikaondoka Dodoma wiki hiyo. Nimepita Buigiri kwa basi mara zisizo na idadi, nikienda Morogoro, nikirudi, na kila mara nilihakikisha nimekaa upande wa basi usioelekea kijiji kile.

Chini ya maneno yangu, kwenye ukurasa ule, palikuwa na penseli ya Bi Nuru: *kwa mzee Chilongani, nyuma ya mashine ya kusaga.* Hakuna zaidi. Nikamuuliza Salma. "Mama alikuwa anakwenda huko kila mwaka baada ya mavuno," alisema. "Alikuwa anabeba sukari na sabuni. Hakunieleza ni kwa nani." Akalichukua daftari mikononi mwangu kwa upole, akalifunga, akanirudishia.

Nilikwenda kijijini kwao Nyemo kesho yake asubuhi. Mashine ya kusaga bado ipo. Nyuma yake, uani, mwanamke alikuwa amekaa kwenye kigoda akipeta uwele, na binti kama wa miaka kumi na sita akiosha vyombo. Nilisema "Mbukwenyi," kama wasemavyo wenyeji, naye akaitikia, akageuza sikio badala ya uso. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe lote. La kulia lilikuwa dogo, jekundu pembeni, lakini linaona.

"Nani?"

"Zuhura. Wa Bi Nuru."

Ungo ulisimama. "Yule wa daftari," alisema. Kisha akamwambia binti yake alete kigoda kingine.

Alikuwa ameshasikia kuhusu msiba. Aliniambia Bi Nuru alimfuata mwaka uliofuata ule wa mchujo, akamkuta mama yake akimng'oa kope hapohapo uani, akasimama mlangoni na mfuko wa sukari mpaka kazi ilipokwisha. "Akaona kibano. Akauliza, kama hiki ndicho nilichokitupa? Nikamwambia ndicho. Alilia yule mama, mpaka mimi ndiye niliyembembeleza. Alinipeleka kwa madaktari wa macho, wakanipasua kope. La kulia likashika. La kushoto lilikuwa limekwisha." Alizungumza huku akiokota mawe kwenye uwele kwa vidole, bila kuangalia. "Akaniuliza kama kuna mtu aliyejua siku ile. Nikasema hayupo."

Nikauliza, "Kwa nini?"

"Ungefukuzwa. Mimi nimekosa, na wewe ukose?" Akatupa kijiwe kando. "Halafu nilitaka uje uliseme mwenyewe. Nikafikiri ni wiki moja, mbili."

Nikaanza kusema. Nilisema kuhusu sokoni, kuhusu vile vibano saba juu ya gunia, na yule fundi, na kwamba nilikishika kimoja mkononi. Hilo alikuwa halijui. Niliona kwa namna vidole vyake vilivyosimama. Hakusema nimekusamehe, na hakusema sikusamehe. Aliuliza, "Ulifunga ngapi siku ile?" Nikasema nane. "Nane," alirudia, kama mtu anayepima mzigo. Kisha akaingiza mkono kwenye kola ya gauni, akavuta uzi, na kwenye uzi kulikuwa na kifuko cha ngozi.

"La kulia, kope zimeanza kurudi ndani tena. Binti yangu anaogopa jicho. Una miwani?"

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Akainua uso juani. Nikashika kope ya kwanza, kibano kikateleza. Nikashika tena, kikateleza tena.

"Shika vizuri," alisema Nyemo. "Siku ile mkono wako haukutetemeka."

Nikaegemeza kiwiko gotini kwake na kuanza upya. Zilitoka mojamoja, na kila moja niliibandika mgongoni mwa mkono wake, kama alivyonifundisha. Sita. Saba. Nane. Nikavua miwani nikaifuta, nikafikiri nimemaliza. Alipepesa mara mbili, akatulia, akasikiliza jicho lake.

"Bado moja," alisema, akainua uso tena.